Vitu vya Mtoto Vilivyolala kwa Awiti

Mimi ni fundi wa sofa. Nikikaa kwenye kiti chako nitakuambia sponji imechoka upande gani, na pengine nani kwenu hupenda kukaa hapo. Ndiyo maana mke wangu Sella alipopata mimba yetu ya kwanza, na kliniki wakamwambia aanze kujiandaa, nilimwambia aniachie mimi hayo ya kununua. Kitambaa ni kitambaa. Mtu anayevalisha kochi la watu watano atashindwaje kumvalisha mtoto wa kilo tatu?

Sella alitaka vitu vichache tu: nepi, kofia, soksi, shali nzito, pamba na beseni la kumwogeshea. Alivitaja huku akiosha vyombo, bila wasiwasi wowote. Wasiwasi ulitoka kwa mama yake, kule Malava. Mama mkwe alipiga simu akaomba kuongea na mimi mwenyewe, jambo ambalo si kawaida yake, kwa sababu kwao mama mkwe na mkwe huheshimiana kwa mbali. Alisema mtoto hanunuliwi kitu kabla hajafika. Yeye aliwahi kupuuza. Kabla ya Sella alibeba mimba nyingine, akaona shali nyekundu sokoni, ikampendeza, akainunua. Mtoto alizaliwa hana pumzi. Wakamzika na ile shali.

"Sisemi ni shali ilimuua," akaniambia. "Nasema tu, baba, mngoje."

Nikamwambia sawa, mama. Halafu nikaweka simu mfukoni nikajiona mtu wa kisasa. Mimi Munyao nimezaliwa Machakos, nimebatizwa, nimesoma hadi kidato cha pili, nitaogopaje shali? Shuleni tulifundishwa kwamba usikate kanzu kabla ya mtoto kuzaliwa, na mwalimu alituambia hiyo ni methali tu, haihusu kanzu. Lakini ukweli ni kwamba niliogopa, tena sana. Niliogopa kununua, na nikaogopa vilevile mtoto wangu aje duniani akute baba hana hata soksi.

Basi nikapata hekima. Ningenunua, ila vitu visiingie nyumbani kwetu. Kama havijaingia nyumbani, basi ni kama havijanunuliwa. Vingelala kwa Awiti, jirani yetu wa mlango wa pili hapa mtaani Sarang'ombe, mama wa watoto wanne, ambaye nyumba yake imejaa nguo ndogo hata mkosi ukija hautajua zipi ni za nani. Nilimweleza mpango huo kwa sauti ya chini, nikamwomba asimwambie Sella. Awiti aliniuliza kama huyo Mungu wangu husoma namba za milango. Lakini akakubali kuviweka.

Nilinunulia Kawangware, hapo kituo cha matatu cha 56, karibu na karakana ninapofanyia kazi, ili nikionekana niseme natafuta vitambaa vya wateja. Na kweli nilinunua kama ni vya wateja. Kila nepi niliivuta kwa vidole nione kama nyuzi zitaachana. Shali niliikunja nikaikandamiza kwa kiganja nione kama itainuka. Muuzaji, mama mmoja aliyekaa katikati ya rundo lake la nguo, aliniuliza nataka rangi gani. Nikasema kahawia, kwa sababu kahawia haionyeshi uchafu. Akauliza nguo hizo ni za mtoto ama za kiti. Nikalipa. Nilitoka hapo na nepi, shali ya kahawia, kofia ya kahawia, soksi za kahawia, na viatu vya ngozi vya mtoto wa miaka miwili, kwa sababu mshono wake ulikuwa safi na sikuweza kuviacha. Pamba nilisahau.

Nikavipanga vyote ndani ya beseni jipya la kumwogeshea, nikavifunika na gazeti, nikampelekea Awiti. Tangu siku hiyo kila jioni nilipitia mlangoni kwake nikiuliza wageni wangu wanaendeleaje. Alikuwa akinijibu kwamba wamelala, nisiwaamshe.

Uchungu ulimshika Sella Jumapili, baada ya chai ya asubuhi. Tulitembea pole pole hadi kituo cha afya, yeye akisimama kila baada ya nyumba chache kunibana mkono. Muuguzi alimpokea, akaniambia nirudi haraka na vitu vya mtoto. Nikakimbia. Nikakuta mlango wa Awiti umefungwa kwa kufuli kubwa, na hapo ndipo nikakumbuka kwamba mkosi hauendi kanisani lakini Awiti huenda.

Kanisa lao ni la mabati, na Awiti huimba kwaya. Niliingia wakati wimbo umepamba moto. Nilitaka kupita pembeni, lakini njia ya pembeni ilijaa watoto, kwa hiyo nikapita katikati, nikihema, jasho likinitoka. Pasta aliniona. Akainua mikono akatangaza kwamba kuna ndugu amekuja mbele. Watu wakapiga makofi. Mzee mmoja akanishika bega, pasta akaniwekea mkono kichwani, nami nikawa naomba ufunguo huku wao wakiniombea nitubu. Awiti hakuacha kuimba. Alitoa ufunguo kifuani akaniwekea kiganjani, akarudi kwenye kiitikio. Sijui kama niliokoka siku hiyo. Nilisema amina kwa kila kitu ili waniachilie.

Niliporudi na beseni langu, mlango wa chumba cha kuzalia ulikuwa umefungwa. Nikakaa kwenye benchi. Kando yangu alikaa msichana aliyeitwa Bridgit, aliyejifungua alfajiri na sasa alikuwa anamngoja shangazi yake aje kumchukua. Mtoto wake alikuwa amefungwa kwa taulo la kuogea, miguu nje. Aliniambia hakuandaa chochote, hakuwa na wa kumwandalia. Nilimwambia pole, nikalivuta beseni karibu na miguu yangu.

Kisha mlango ukafunguliwa ghafla. Muuguzi alitoa kichwa akamwita mwenzake aliyekuwa upande wa pili.

"Kuja haraka," akasema. "Huyu mtoto amechoka."

Wakaingia wote wawili, mlango ukafungwa. Nikatega sikio. Nilimsikia Sella. Kisha sikumsikia Sella. Mtoto sikumsikia kabisa.

Usasa wangu ulikwisha palepale. Nililitazama lile beseni nikaona shali nyekundu, ingawa yangu ilikuwa kahawia. Niliambiwa ningoje na sikungoja. Nikajiona nimemuua mtoto wangu kwa soksi. Na kwa kuwa akili yangu ilikuwa ileile iliyodhani mkosi unaweza kudanganywa na mlango wa jirani, nilipata hekima nyingine: kama sina kitu, basi sijanunua. Nikaanza kumpa Bridgit. Nilimpa kofia. Nikampa soksi. Nikampa nepi zote, shali, na vile viatu. Alisema ni vingi, kaka, bakisha hata kimoja. Nikamwambia achukue, tafadhali, achukue na beseni. Shangazi yake alipofika nilimbebea hadi getini, nikabaki nimesimama mikono mitupu, nikimwambia Mungu aone mwenyewe kwamba sina kitu.

Nilikuwa bado narudi kwenye benchi nilipomsikia mtoto. Alilia kidogo, akanyamaza, halafu akalia kwa hasira kama mtu aliyedhulumiwa. Nikakaa chini sakafuni. Muuguzi akatoka.

"Baba, ni msichana, na mama yake yuko sawa," akasema. "Lete nguo."

Nikamwambia sina. Akasema si aliniona nikiingia na beseni. Nikamwambia nimepeana. Akaniuliza nimepeana kwa nani, na kwa nini, na kama niko sawa kichwani. Nikavua shati nikampa. Alilinusa.

"Hii inanuka gundi ya viti. Unataka alewe siku ya kwanza?"

Ndani ya shati nilikuwa nimevaa fulana niliyopewa wakati wa kampeni, yenye uso mkubwa wa mheshimiwa aliyetaka kuwa diwani, akashindwa, akapotea na ahadi zake. Ilikuwa imefuliwa. Nikaivua; muuguzi aliitazama, akaguna, akaichukua, nami nikalivaa tena shati langu.

Hivyo ndivyo nilivyomkuta binti yangu, amelala kifuani kwa Sella akiwa amefungwa na uso wa mheshimiwa, mdomo wake ukicheka chini ya kidevu cha mtoto. Sella alikuwa amechoka sana. Akauliza nguo ziko wapi, zile zilizokuwa kwa Awiti. Kumbe alijua. Alikuwa akienda kwa Awiti kila nikitoka kwenda kazini, anafunua gazeti anaziangalia.

"Ile kofia ilikuwa mbaya, Munyao," akasema polepole. "Lakini nilikuwa nimeshaizoea."

Nikamweleza yote, kuanzia kwaya hadi getini. Alianza kucheka, akashika tumbo kwa maumivu, na kabla hajaniambia kitu simu ikalia. Alikuwa mama yake. Sella alimwambia mtoto amefika na anapumua, kisha akanipa simu kwa sababu mama alitaka kusikia kutoka kwangu. Aliniuliza mtoto amefunikwa na nini.

"Fulana yangu, mama."

"Hamna nguo?"

"Hatuna, mama. Hatuna hata soksi."

Kisha nikamsikia mama mkwe wangu, ambaye sijawahi kumwona akilia, akilia kule Malava.

"Asante, baba," akasema. "Wewe ulinisikia. Mimi, nilipoambiwa, sikusikia."

Sella alikuwa akinitazama. Nilitaka kusema ukweli, kwamba nilinunua kila kitu. Nikasema ndiyo, mama, nikaanza kulia na mimi, shati wazi, mbele ya wauguzi wawili. Sella akanyoosha mkono akaichukua simu, akamwambia mama yake kwamba Munyao atapiga baadaye.