Mkono wa Jirani

Kutoka Kwale hadi Funzi si safari ya Ulaya. Unateremka hadi barabara kuu, unashika njia ya Bodo, unavuka kwa boti ya injini, na adhuhuri haijaadhiniwa umefika. Hata hivyo, tangu matanga ya baba sikuwa nimekanyaga kisiwani kumwona shangazi yangu, dada yake wa pekee. Tulikuwa tukizungumza kwa simu kila Ijumaa, nami nikajiona bingwa wa kuunga undugu.

Nilipofika, nilikuta wanawake watatu barazani kwake wakisuka ukili wa mikeka. Shangazi niliyemkumbuka alikuwa mnene, kicheko chake kikimtangulia mlangoni. Basi nikamwendea yule mnene, nikainama, nikambusu mkono.

"Shikamoo, shangazi." Nikamkabidhi na kikapu cha mkate na sukari.

"Marahaba, mwanangu," aliitikia, lakini macho yake yalimwendea mwenzake wa pembeni, kikongwe mwembamba wa leso nyekundu, aliyekwisha kuweka ukili chini na kuninyoshea mkono. Mkono ule ulikuwa bado hewani. Aliposema ndipo nikamjua, kwa sauti ile ya Ijumaa.

"Mwaona?" aliwaambia wenziwe. "Kwetu mtoto huamkia jirani kwanza. Ndivyo alivyolelewa."

Wakacheka kwa adabu. Jirani akakisukuma kikapu taratibu hadi miguuni pa shangazi. "Tangu juzi hatupumui kwa habari zako," aliniambia. "Shangazi yako kutwa ni 'Mtoto wa kaka yangu yuaja, mtoto wa kaka yangu yuaja.'"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nikaubusu mkono wa shangazi, mifupa mitupu. Kumbe alikuwa ameugua mwaka mzima. Kwenye simu alikuwa akisema ni vijihoma tu, nami nikijibu "Inshallah vitapoa", kisha nikikata.

Alinipakulia wali na samaki mkubwa kuliko wa wote. Nilikuwa na haya hata ya kumtazama usoni, na yeye akazidi kuniambia, "Kula, umekonda wewe."

Alasiri alinisindikiza hadi botini. Nilipoanza kumwomba radhi alinikatiza, akaivuta leso yake vizuri mabegani.

"Ukija tena, mwanangu, nitavaa leso hii hii," alisema. "Upate kunijua."