Mkojo Msafi wa Mama

Mama alikuwa na ugonjwa wa sukari, na siku ya kliniki aliichukulia kama siku ya kupokea wageni. Alioga, akajipaka mafuta, akavaa sketi ya kanisani, kisha akaketi jikoni kwetu Ruiru na jagi la maji. Alikunywa glasi baada ya glasi, akienda chooni na kurudi, mpaka mkojo ukawa mweupe kama maji ya mfereji. Huo ndio alioutia kwenye kichupa cha daktari. Mkojo wa njano ulimtia aibu. Kumpelekea msomi kitu kama hicho, kwake yeye, kulikuwa sawa na kukaribisha mgeni kwenye nyumba isiyofagiliwa.

Hakuwa peke yake. Kina mama wa kikundi chake cha kanisa waliokuwa na sukari walifanya vivyo hivyo, na kwenye foleni walisifiana vichupa. Mambo hayo yalinichekesha.

Katika kliniki ile ndogo walichovya kijiti, wakatazama rangi, wakaandika kwamba protini hakuna. Hakuna aliyemuuliza amekunywa nini. Miaka nenda miaka rudi, Mama alirudi nyumbani kifua mbele, akituambia figo zake ni za msichana.

Kisha miguu ikaanza kuvimba. Viatu vikakataa kuingia. Akatumwa hospitali kubwa Thika, na huko wakamwagiza alete mkojo wa kwanza wa asubuhi, kabla hajatia chochote kinywani. Alikifunga kichupa kwa hanchifu, akakizamisha chini kabisa ya mkoba, na njia nzima nikimsindikiza aliukumbatia.

Muuguzi alikuwa msichana mpole. Majibu yalipotoka alitueleza kwamba sukari ikiumiza figo, huanza kuvujisha protini kidogo sana, mgonjwa akiwa bado anajisikia mzima, na hapo ndipo dawa husaidia zaidi. Ya Mama haikuwa kidogo tena. Kipimo cha damu nacho kilisema figo zimechoka.

"Cucu, na huko kwingine walikuwa wanakosa aje kuona hii kitu?" akauliza, akimwita bibi kwa Kikuyu.

Mama akamweleza habari ya maji bila kuficha, hata kwa fahari kidogo. Muuguzi akaweka kalamu chini. Akanigeukia mimi, akasema polepole kwamba maji mengi huufanya mkojo uwe mwepesi, na kijiti kinaweza kupita bila kuona kitu. Huenda figo zilikuwa zikivuja miaka hiyo yote. Sasa dawa zingepunguza tu mwendo wa ugonjwa, kilichoharibika hakirudi.

Nilipandwa na hasira. Nilitaka kumgombeza mtu, yeyote yule: wa kliniki, kina mama wa foleni, hata msichana huyu aliyekuwa akitusaidia. Mama alikuwa ametulia, mikono juu ya mkoba. Nilidhani hajaelewa. Nyumbani tunaongea Kikuyu, lakini alilosema alilisema kwa Kiswahili, ili muuguzi naye asikie.

"Mimi nilikuwa nataka tu wapate kitu safi."

Muuguzi akamshika mkono. Mama akauondoa wake taratibu, akaanza kujifunga upya kitambaa cha kichwa, lakini vidole vilishindwa kushika fundo. Nikasimama nyuma yake, nikamfungia.