Gunia Langu la Ufukweni

Mimi niliyerudi kutoka Kigoma na diploma ya mazingira, niliyejisomesha kwa kuuza maandazi, nisingeshindwa na mtu kuokota chupa. Jumamosi klabu yetu ya vijana ilisafisha ufukwe wa Rumonge, na baadaye tungechagua rais wa klabu. Kila mtu aliandika jina kwenye gunia lake. Mimi nikaongeza na diploma.

Nyuma ya mitumbwi nilikuta chupa tupu za plastiki, zote zina vifuniko, zimefungwa kwenye kamba moja ndefu. Nikastaajabia uchafu wenye nidhamu namna ile. Nikakata kamba, nikajaza gunia.

“Kaka Hamisi, hizo umetoa wapi?” aliuliza rafiki yangu Zaina, binti wa mvuvi.

“Mutu aliyesoma anajua pa kutafuta.”

Nilikuwa nikiomba kura baba yake alipofika, kipande cha kamba mkononi.

“Nani amekata chupa zinazofanya wavu wangu uelee?”

Zaina akaziba mdomo. Mzee akainamia gunia langu, akasoma polepole: “Hamisi. Diploma ya Mazingira.” Akainua kichwa. “Huyu iko nani?”

Mikono yote ikanyooshwa kwangu. Sijawahi kuchaguliwa kwa kauli moja namna ile.