Chuma Kirefu cha Trekta la Bondeni

Siku ile siisahau, mwanangu, na hata leo nikisikia trekta linanguruma najikuta nacheka peke yangu. Ilikuwa miaka ya hamsini, masika yananukia, nami nilikuwa dereva wa trekta katika bonde letu la mpunga hapa Unguja. Nasema dereva, lakini trekta lenyewe lilikuwa kuukuu. Wanawake wa bondeni walilibatiza jina la Bibi, kwa sababu asubuhi lilikuwa haliamki mpaka libembelezwe. Wakulima walilipata kwa kuchangishana, na lilikuja na jembe lake moja tu.

Jembe lilifanya kazi yake, lakini udongo wa kule ni mzito. Likipita huacha mabonge makubwa, na mbegu ya mpunga huwezi kuimwaga juu ya mabonge. Tukahangaika mpaka tukapata haro, ile zana ya visahani vya chuma inayosaga udongo. Hiyo ilitengenezewa trekta jingine kabisa. Shingo yake ilikuwa fupi, na ukiifunga pale pa jembe, trekta likikata kona visahani vinataka kula tairi. Tukajaribu mnyororo. Kila niliposimama haro ilikuja kutugonga nyuma, na mimi nikitukana kimoyomoyo.

Aliyekuwa roho juu kuliko wote ni shangazi yangu, Bi Mwanajuma. Mumewe alikuwa amefariki mwaka ule, na konde alilobaki nalo lilikuwa la mwisho bondeni, penye udongo mzito kupita wote. Sasa sikiliza desturi yetu. Bonde zima hupandwa kwa pamoja, ili ndege wakija wagawanyike na kila mtu aamie kwake, awafukuze wasile mpunga. Konde linalochelewa, ndege wote huhamia huko, na mwenyewe hapati hata cha kuonja. Na konde lisilopandwa kabisa, sheha, mkubwa wa kijiji, alikuwa na haki ya kumpa mtu mwingine. Shemeji yake shangazi, ndugu wa marehemu, alishaanza kupita pale, mikono nyuma, akiitazama mipaka kama mtu anayechagua kitambaa dukani. Nilimchukia, Mungu anisamehe.

Nikaona nikachongeshe chuma cha kuunganisha trekta na haro. Nikapima nafasi kwa shibiri, kiganja kilichotanuliwa toka kidole gumba mpaka kidole cha mwisho, maana ndivyo tulivyokuwa tukipima karibu kila kitu, nikadandia gari la shamba mpaka Mjini. Kule Malindi, karibu na bandari, palikuwa na mhunzi mmoja Mtumbatu, Fundi Ame, ambaye kazi yake hasa ilikuwa kufua nanga.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Wataka nini?"

"Nnataka chuma cha shibiri tano, kiwe na tundu kila ncha. Masika haya hapa, Fundi, nifanyie hima."

"Njoo kesho kutwa."

Hakuuliza shibiri ya nani, nami sikusema. Nilipokifuata nikakibeba begani kwa maringo, nikidhani mambo yamekwisha.

Tulipokifunga, kilikuwa kirefu ajabu. Nikasema si kitu, nikawasha Bibi, nikaingia kondeni. Kona ya kwanza tu, haro ikatoka nje, ikapanda tuta la jirani na kulibomoa. Makonde yetu ni membamba, na kwa urefu ule nisingeweza kugeuza bila kuvuruga ya watu. Wanawake wakanipigia makelele. Yule shemeji akacheka mpaka akakohoa. Shangazi alikaa chini juu ya udongo, akajifuta uso kwa ncha ya kanga, na mimi nikaumia kweli kweli.

Kesho yake nikarudi Malindi, na safari hii shangazi akanifuata. Fundi Ame aliposikia habari akanishika mkono, akaubandika juu ya wake. Vidole vyake vikapita vyangu karibu pingili mbili; mara tano, ni shibiri nzima iliyozidi.

"Mimi nimepima kwa mkono wangu, wewe kwa mkono wako," akasema, na uso ameukunja. "Trekta lenyewe hakuna aliyeliuliza. Ilikushinda nini kuja na kamba uliyoipima pale pale?"

Shangazi akatoa kamba ya usumba ndani ya buibui lake. Alikuwa amekwenda kupima mwenyewe alfajiri, akapiga mafundo.

Nilikuwa na hasira, nikamwambia Fundi akikate chuma yaishe. Akachukua msumeno.

"Ngoja kwanza, Fundi," akasema shangazi. "Kikishakatwa hakirudi. Fundo hili la karibu ni la haro. Hili la mbali ni la tela, lile la kubebea mpunga, limelala chini ya mfenesi tangu tulipate kwa kukosa pa kufungiwa. Lenyewe linautaka urefu wote huu. Kwani hakiwezi kutobolewa tundu nyengine hapo kati, kikasukumwa ndani chini ya trekta tukitaka kifupi, kikavutwa nje tukitaka kirefu?"

Fundi Ame akaitazama kamba, akakitazama chuma, akaurudisha msumeno mahali pake. "Bi Mwanajuma," akasema, "hebu nipe hiyo kamba." Akachukua keekee, akaanza kutoboa, nami nikazungusha mpini mpaka viganja vikachubuka. Tuliondoka na chuma kile kile kirefu, chenye safu ya matundu na pini moja nene.

Haro ikakaa panapostahili. Nikapita konde kwa konde, na la shangazi nikalimaliza mawingu yameshajikusanya. Akamwaga mbegu pamoja na wenzake, wakiimba. Mvua ikaja mbegu ikiwa ndani ya udongo. Wakati wa mavuno tukakivuta chuma nje, tukafunga tela, na aliyepandisha gunia la kwanza la Bi Mwanajuma alikuwa shemeji yake yule yule. Konde lile wajukuu wa shangazi wanalilima mpaka leo.

Basi mwanangu, hili ndilo ninalotaka ulishike. Maishani utapewa vitu vilivyotengenezewa watu wengine, na itabidi uviunganishe na vyako. Vipime pale vilipo, kwa kipimo ambacho na mwenzako anaweza kukishika, usitegemee kiganja chako peke yake. Na ukiona kimezidi, usikimbilie kukata kwa sababu umeona haya mbele za watu. Muulize kwanza yule ambaye kazi hiyo ikiharibika yeye ndiye atakayelala na njaa, maana huyo amefikiri kuliko wewe.

Mungu akujaalie riziki ya jasho lako, akuwekee watu wa kukushika mkono unapokosea, na mvua ikukute umeshapanda. Amin.