Waingereza Waliobeba Kabati kwenye Mazishi ya Baba

Wimbo wenyewe ulikuwa wa Waingereza wanne wenye nywele ambazo Mama alisema hazijaona kitana tangu wabatizwe. Magita yao yalinguruma kama mashine ya kusaga mahindi. Video yake ilikuwa hivi: wanne hao, wamevaa makoti marefu meusi, wamebeba kabati la nguo mabegani, wanavuka shamba la matope huku mvua inawanyeshea. Wanaimba. Hakuna anayewauliza wanakwenda wapi. Mwishoni wanalitua kabati na wimbo unaisha. Ni hayo tu. Nilikuwa kidato cha tatu hapa Kisumu, miaka ya tisini, na niliona dunia haijawahi kutoa kitu kizuri kuliko hicho.

Wasichana wenzangu walipenda rumba na rege. Walisema wazungu wameniharibu kichwa. Niliwaambia wakae na rumba yao.

Televisheni iliupiga Jumamosi alasiri, ikijisikia. Nikaamua lazima niurekodi. Mashine ya video tulikuwa nayo, Baba aliinunua mwaka mmoja kabla hajafa. Mkanda tulikuwa nao mmoja tu, wa mazishi yake.

Watu wa kwetu wanaijua mikanda hiyo. Nyumba iliyofiwa, ikiwa na uwezo kidogo, ilikodi mpiga picha, na mgeni aliyekosa mazishi alikalishwa, akapewa soda, akaonyeshwa. Mama alimwonyesha kila aliyebisha hodi, ila alikuwa na mahali pake pa kuuzima. Jeneza likifika kaburini, anasema "imetosha", anabonyeza, anaenda jikoni. Mgeni anabaki na soda yake.

Mpiga picha alikuwa mtu makini. Alikivunja kile kijipande cha plastiki mgongoni mwa mkanda, ili mtu asije akarekodi upuuzi juu yake. Mimi nikaziba tundu kwa selotepu. Nilipanga kuupeleka mkanda mbele mpaka mwisho, kwenye watu wanaokula wali, maana nani atalilia wali? Lakini siku hiyo wimbo ulianza ghafla, bila hata mtangazaji kuutaja, nami nikabonyeza. Mkanda ulikuwa palepale Mama alipouachia.

Dakika nne na ushee. Sikuangalia nimefuta nini. Nilijiambia ni watu tu wamesimama. Kwa kuwa Mama hakuwahi kupita pale, hakuna aliyejua, na kwa miezi kadhaa nilijifungia sebuleni akiwa kazini, nikaushika wimbo neno kwa neno.

Halafu akaja Dani, ndivyo tulivyomwita nyanya yetu, mama yake Baba. Alitoka Asembo Bay kwa ajili ya macho. Daktari alikuwa amemwambia jicho moja limekwisha na la pili liko njiani. Alitua kikapu chake cha omena, dagaa wa ziwani, na kabla ya chai akasema, kwa Kijaluo, maana Kiswahili alikiweka kwa ajili ya polisi na wauza mitumba:

"Nataka ule mkanda. Siku ile nilizungumza na mwanangu pale kaburini. Watu wananiambia nilisema maneno mazito. Mimi silikumbuki hata moja, kilio kilinibeba. Nataka nijione nikimuaga, kabla sijawa kipofu."

Nilisema mashine imeharibika.

"Imeharibika lini?" Mama akauliza, na akaiwasha.

Dani alisogea mpaka pua ikakaribia kioo. Zikapita nyimbo za kanisa, likapita jeneza. Lilipofika kaburini, Mama alinyoosha mkono kuzima, akakumbuka, akaurudisha. Halafu likaingia gita.

Mama alinigeukia polepole. Nimetazamwa na wakwe tangu hapo, na hawakumfikia.

"Wazungu hawa ni akina nani?" Dani akauliza.

"Walifanya kazi na Baba." Uongo ulinitoka wenyewe.

"Ala!" Akajiweka sawa kwenye kiti. Mazishi yenye wazungu wanne si mazishi ya mtu hivihivi, na hakuna aliyewahi kumwambia. "Tena wamembeba wenyewe. Lakini siku ile kulikuwa na jua. Mbona wananyeshewa?"

"Ilinyesha upande wao."

Akaridhika. Kwetu ziwani mvua hufanya hivyo.

Wanne wakatua kabati. Picha ikaruka, kaburi likawa limeshafukiwa, na watu wakawa wanakula wali. Dani akangoja. Wali ukaliwa wote. Mkanda ukaisha, kioo kikabaki na chengachenga.

"Na mimi niko wapi?"

Mama hakunisaidia, na hakuwa na sababu ya kunisaidia. Nikasema kweli: nimekufuta, Dani, nilitaka wimbo. Nililia, na si kilio cha kistaarabu. Niliona aibu kiasi kwamba ningefurahi kama angenipiga. Hakunipiga.

"Basi niambie wewe," alisema. "Ulisimama kando yangu, nimekushika mkono. Nilimwambia nini?"

Nilitafuta. Nilikumbuka kiganja chake kikavu, na viatu vya shule vilivyonibana vidole. Neno lake, hata moja, sikulipata.

"Na hawa ulionifuta kwa ajili yao, wanasema nini?"

Ya hao niliyajua yote. Nikamtafsiria mstari kwa mstari, wima katikati ya sebule: kwamba kabati ni zito, kwamba hawajui wanampelekea nani, kwamba nyumbani hakuna anayewangoja, na tena, kwamba kabati ni zito.

Alisikiliza mpaka mwisho. Akafikiri.

"Hapana," alisema. "Mimi sikusema hivyo."