Nilivyopanda Migomba Ugiriki

Mimi ni mtu wa Kibosho, kule mlimani, na mtu wa Kibosho hafundishwi mlima. Ndiyo maana binti yangu aliporudi na kazi ya shule ya kufinyanga mfano wa nchi ya Wagiriki wa kale, nilikunja mikono ya shati kabla hajamaliza kueleza. Ana miaka kumi na miwili. Mwalimu alitaka kila mwanafunzi aonyeshe jinsi ardhi ilivyowaongoza Wagiriki katika kilimo, biashara na kuhamia ng'ambo, kisha ailinganishe na mahali anapopajua vizuri.

"Umechagua wapi?" nikamuuliza.

"Pickering."

Pickering! Ni mji wa jirani, anakokaa mama yake mdogo. Iliniuma, sitaficha. Nimempeleka Kibosho mara mbili, amekunywa maziwa ya ng'ombe wa bibi yake, na bado mlima haukuhesabika. Nilimeza maneno, nikachukua unga wa ngano, chumvi na maji, nikaanza kukanda.

Jumamosi nzima meza ya jikoni kwetu, ghorofa ya kumi na nne hapa ughaibuni, Etobicoke, ikawa Ugiriki. Niliinua milima, nikachimba mifereji ya maji kwa kijiti, nikapaka kijani mpaka kileleni, nikapanda migomba ya karatasi. Nikasogea nyuma kidogo na kujisifu. Binti akaja, akashika kiuno kama mama yake.

"Baba, what is this? Hapo hakuna maji. It's all rocks."

"Mlima usio na maji ni mlima gani? Nani kakudanganya?"

Akanifungulia kitabu. Kweli, mawe matupu. Udongo mzuri ulikuwa kidogo, mabondeni, na ngano ilikuwa haba. Kilichostawi ni shayiri, mizeituni na mizabibu. Milima iliikatakata nchi, kila mji na bonde lake, hata kumfikia jirani kwa bahari kukawa rahisi kuliko kwa miguu. Basi mafuta na divai vikapakiwa merikebuni, nafaka ikaletwa. Na watoto walipozidi mashamba, baadhi walitumwa mbali kuanzisha miji mipya, wakibeba moto wa nyumbani wakauwashe huko.

"Na huko walikuta wenyewe," binti akaongeza. Shuleni kwao kila asubuhi hukumbushwa ardhi hii tunayoishi ilikuwa ya nani kabla wageni hawajaja.

Mimi nilikuwa nimebaki kwenye watoto waliozidi mashamba. Kwetu shamba la ukoo huitwa kihamba, na mipaka yake hupandwa masale, mimea ya majani marefu ambayo hakuna anayethubutu kuing'oa. Mkubwa hupewa kihamba chake, kitindamimba huachiwa nyumba ya baba. Mimi ni wa kati. Wa kati huambiwa kwa upole kwamba dunia ni pana. Ndivyo nilivyoshuka Moshi kuuza vipuri, kisha Dar, kisha huku. Nilikuwa sijawahi kumsimulia. Siku hiyo nilimsimulia, unga ukinikaukia vidoleni, naye akaiweka simu kifudifudi akasikiliza mpaka mwisho.

"And girls?" akauliza.

"Wasichana huolewa."

Hata mimi nililisikia jibu lile lilivyo jembamba. Binti alichukua rangi ya kijivu akaipaka milima yangu yote, isipokuwa mmoja wa pembeni, akauacha na kijani chake na migomba yake.

Ijumaa wazazi tuliitwa shuleni. Nilivaa suti niliyofungia ndoa, ingawa kifungo kiligoma. Binti alisimama mbele akaeleza yote kwa Kiingereza, bila kutetemeka: Wagiriki walisukumwa na mlima mkavu, na watu wake yeye walisukumwa na mlima wenye neema, mpaka ukajaa. Neno kihamba alilitamka kama mama yangu mzazi. Pickering haikutajwa. Nilivimba kichwa, na nilikuwa na haki.

Kisha mzazi mmoja akanyoosha kidole kwenye ule mlima wa kijani, akauliza kile kinyumba cha kiberiti ni cha nani. Mimi mwenyewe nilikuwa sijakiona. Kilizungushiwa vipande vya majani ya vitunguu, vimesimamishwa kimoja kimoja, kama masale.

"Ni cha kwangu," akasema binti yangu.

Hakuna aliyempa kihamba. Alijikatia mwenyewe, na mipaka akapanda.