Kivimbe Kilichoukimbia Mkono wa Bibi

Mwanangu analalamikia tumbo, nami nimepasha mafuta ya nazi. Harufu ilipopanda tu, nikawa mtoto tena, nimelala kwenye mkeka, shati limefunuliwa hadi kifuani, bibi ananikanda.

Alikuwa mkandaji, nusu ya mtaa ilipita mikononi mwake. Siku ile mkono ukasita. Akasukuma kulia, akasukuma kushoto, na kitu ndani kikateleza kama yai. Kwenda juu kilikataa.

"Simkandi," akamwambia mama. "Hili si la mkono. Mpeleke hospitali."

"Si minyoo tu, mama?"

"Minyoo haitelezi! Mkandaji ni nani hapa, wewe au mimi? Vaa buibui lako."

Daktari alinipaka kitu cha baridi tumboni, akatazama kioo cha mashine. Ulikuwa mfuko wa maji, umeota kwenye utando unaoshikilia utumbo.

"Ni saratani?" mama alinong'ona.

"Sidhani. Lakini tuutoe kabla haujapasuka."

Wakanipasua, wakautoa mzima. Majibu ya vipimo yaliporudi, haikuwa saratani.

Kidonda kilipopona kabisa, bibi alinilaza palepale mkekani. Mkono wake ulitafuta kulia, ukatafuta kushoto, ukakosa. Akacheka peke yake, kisha akajifuta machozi kwa vidole vilevile, uso mzima ukang'aa mafuta.

"Mbona unanisukuma huku na huku?" mwanangu ananiuliza.

"Tulia kidogo."

Nasukuma kulia. Nasukuma kushoto. Hamna kitu. Ni maembe mabichi tu aliyokula.